Maua Mbele ya Majani

Bruxelles, tarehe 11 Februari 1979

Baba Masika, bwana yangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mutoto yako. Natumaini barua hii itakukuta na afya, weye na Roger mutoto wetu mudogo, na mama yako Koko Madeleine, na majirani wote wa Ngezi. Siye huku tuko wazima, ila baridi. Baridi ya huku haiko kama ile ya Bunia asubui, yenye mutu anaota moto kidogo inakwisha. Hii inaingia mu mifupa na inakaa mule kama mugeni mwenye hana nauli ya kurudi.

Tulifika salama. Mamasere Godelive alitungojea kiwanja ya ndege na makoti mbili mikononi. Tunalala ku nyumba ya mamasere, watawa wenzake, karibu na lopitalo. Chumba yetu iko na dirisha moja, na dirisha inatazama barabara yenye miti pande zote mbili.

Nikuambie juu ya miti ile. Ni mirefu, imepangwa sawa watoto wa masomo, na yote imekufa. Hakuna jani hata moja. Nilifikiri kulipita ugonjwa, ao moto. Nikamuuliza Mamasere: "Juu ya nini hawaikate kuni?" Alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, imelala tu," alisema. "Ungoje." Sikumwamini. Kwetu, muti ukikauka namna ile, watu wanatafuta shoka.

Waganga wamesikiliza moyo ya Masika. Wanasema tundu iko kweli, vile munganga wa Bunia alisema. Watamupasua mwezi wa tatu. Hajabadilika: akitembea kidogo anachuchumaa, midomo inakuwa buluu, kisha anasimama na kunitazama kama kusema haiko kitu. Ana miaka tano na ananituliza mimi.

Anauliza kama Roger analala mu nafasi yake ya kitanda. Nimesema ndiyo, lakini kwa muda tu.

Umubusu Roger. Umuambie mama asinyanyue ndoo ya maji.

Ni miye, Mama Masika

*

Bunia, Ngezi, 18 Machi 1979

Mama Masika, bibi yangu,

Nakusalimia na moyo yote. Siye tuko, kwa neema ya Mungu. Roger anakula, analia, anakula tena. Mama mugongo inamuuma kidogo, lakini ndoo anainyanyua, na mwenye kumukataza hajazaliwa.

Nilimusomea barua yako. Ule ukurasa wa miti alinisomesha tena. Anasema: "Wazungu wako na pesa mpaka wanapanda miti mikavu."

Huku mvula imeanza. Ile vumbi nyekundu ya barabara ilikuwa imefunika hata sahani, sasa imekuwa matope, na kila mutu anafurahi mbele ya kuanza kulalamika. Jana jioni kumbikumbi walitoka. Watoto wa mutaa wote walikuwa inje na mabeseni, na Roger alikuwa nao, anakamata moja, anaweka mu kinywa, anakamata ingine. Nilisimama ku mulango nikitaka kukuita uje kuona. Jina yako ilifika mpaka ku ulimi.

Lengalenga yako nyuma ya nyumba imeota yenyewe, bila mutu kupanda. Mama anaipika vizuri. Lakini haiko yako.

Kesho naenda Kasenyi kununua samaki ya chumvi, kisha Assani atanibeba mu kamyo yake mpaka Mongbwalu. Unajua barabara ile wakati wa mvula. Usihangaike ukikosa barua.

Siku watamupasua mutoto, sitajua ni saa ngapi. Kwa hiyo nitasali mwezi yote.

Ni miye, Baba Masika

*

Bruxelles, tarehe 22 Aprili 1979

Baba Masika,

Ukae chini mbele ya kusoma. Mutoto iko muzima. Walimupasua na ameamuka. Alikaa siku nyingi na mipira mu kifua na mu pua, na sikukuandikia juu sikuwa na neno ya kuandika. Sasa maneno imerudi. Natumaini weye pia uko muzima, na Roger, na mama.

Ile siku aliomba mukate, niliangalia midomo yake. Kamate, bwana yangu, iko ya rangi ya midomo. Sijui kusema vingine.

Na miti haikukufa. Ilianza na moja, mbele ya duka ya mukate. Asubui nilipita, nikaona tawi lake limevimba vidude kama vipele. Baada ya siku chache muti wote ulikuwa maua, rangi kama ulimi wa mutoto, na jani hakuna hata moja. Mimi nimezoea muti unavaa nguo kwanza, kisha unajipamba. Huu ulijipamba ukiwa uchi. Nilisimama pale na kikapo mpaka mwenye duka akatoka kuniuliza kama niko mugonjwa.

Jua likitoka hapa, watu wote wanaacha kazi ya kuwa wakali. Wazee wanavua makoti, wanakaa ku viti vya bustani na macho imefungwa, sawa mijusi ku ukuta. Mamasere Godelive mwenyewe alivua soksi na kuweka miguu mu majani. Anasema wakati huu wanauita prentan. Munganga aliruhusu nimutoe Masika inje, basi namusukuma mu kiti ya magurudumu mpaka ku bustani yenye ziwa ndogo. Tunakula viazi ya kukaanga mu karatasi, yenye moto, yenye chumvi. Tunatazama mabata na watoto wao.

"Ile ya mwisho inachelewa," alisema jana. "Mama yake hajui?"

"Anajua," nilisema. "Utaona atapunguza mwendo."

Na akapunguza, asante Mungu, juu sikuwa na hakika.

Nikiona kitu kizuri, kwanza nafurahi, kisha naumia, juu hauko pembeni yangu. Ningependa uione hii barabara hata mara moja.

Sasa sikiliza. Kazi haijaisha. Munganga anasema walifungulia damu njia ndogo tu, ili mutoto apate pumzi na akomae. Tundu yenyewe wataifunga akiwa mukubwa, labda kisha miaka tatu, labda ine. Mpaka pale anahitaji dawa na kupimwa kila mara, na akirudi Bunia, munganga hana tumaini. Kuna jamaa moja ya hapa, bwana na bibi wasio na mutoto, watu wa kanisa. Wako tayari kumulea kama mutoto wao. Mimi nirudi kwako na kwa Roger mwisho wa mwezi wa tano. Ao nibaki naye, nifanye kazi ya kufua mashuka hapa kwa mamasere.

Roger ana miaka mbili. Masika ana tano. Weye uko moja, na mimi niko moja. Unijibu upesi. Mamasere anataka kujua mbele ya mwisho wa mwezi wa tano.

Mama Masika

*

Bruxelles, tarehe 27 Mei 1979

Baba Masika,

Salamu. Kila asubui nauliza barua, na mulinzi wa mulango sasa anatikisa kichwa mbele sijafungua kinywa. Natumaini ni barabara tu.

Jumamosi nilimupeleka Masika kwa ile jamaa, akae siku yote, azoee. Ni watu wema. Walimuonyesha chumba yake, na kitanda yake, na mwanasesere wa nywele nyeupe. Madame alimuomba atoe koti. Akakataa. Alikula nayo, alicheza nayo, inje kulikuwa jua na jasho ilimutoka. Nilimuuliza: "Masika, utatoa lini koti?"

"Nikifika kwetu."

"Kwetu wapi?"

"Pale utalala," alisema.

Madame hasikii Kiswahili, lakini aliniangalia, kisha akaenda jikoni na akakaa kule muda murefu.

Nimebaki, Kamate. Nimemuambia Mamasere leo. Niliamua bila weye, na hiyo haiko desturi yetu, najua. Umubebe Roger mugongoni siku hii ukisoma. Sijui kuomba kingine.

Mama Masika

*

Bunia, Ngezi, 20 Juni 1979

Mama Masika,

Nakusalimia. Siye tuko wazima.

Daraja moja ya barabara ya Mongbwalu ilichukuliwa na maji. Kamyo ya Assani ilikwama, samaki yangu iliharibika yote, na miye nilikaa kule na watu wa dhahabu nikingoja maji ipunguke. Nilirudi hapa na miguu mingi kuliko gari. Mama alikuwa na barua zako mbili mukononi. Nilifungua ile ya pili mbele.

Sitakuficha. Nilikasirika. Nilisema, bibi gani anaamua maisha ya nyumba bila bwana. Nilisema nguvu, na majirani walisikia. Kisha nilifungua ile ya kwanza, nikasoma kama mutoto ameamuka, na midomo yake, na nikakaa chini vile uliniambia, lakini nimechelewa.

Mama aliniacha kwanza. Kisha akauliza: "Kama barua ingekukuta hapa, ungemujibu nini?"

"Ningemuambia arudi," nikasema.

"Basi Mungu alijua kazi yake, alivunja daraja."

Alisema hivyo, akaenda kutwanga majani ya sombe.

Kaa na mutoto. Roger nilimubeba mugongoni. Alinikojolea.

Baba Masika

*

Bruxelles, tarehe 4 Mei 1980

Baba Masika, mupenzi wangu,

Habari ya kwenu? Barua yako ya Pasaka ilifika, na ile karanga mu bahasha pia, yote unga, na tuliilamba. Masika anaenda masomo. Kifaransa anakisema mu pua sawa wao. Nikimusemesha Kiswahili ananijibu Kifaransa, basi najifanya kiziwi mpaka arudie.

Tangu mwezi wa kumi tulikuwa tunakausha mashuka ndani, mu chumba ya mashini, kwenye hewa iko nzito na mutu hajui kama ni asubui ao jioni. Leo Mamasere alifungua mulango ya nyuma, akasema: tuanike inje. Ni kitu kidogo. Lakini tulitoka siye wote wafuaji, mwanamuke wa Maroko, wawili wa Hispania na miye, tukasimama na mashuka imelowa mikononi bila kusogea, kama watu waliosahau njia. Upepo ulikuwa na harufu ya majani yenye imekatwa. Mumoja wa Hispania alianza kuimba, na hakuna mwenye alimunyamazisha. Jioni nilipokunja mashuka, jua lilikuwa limebaki ndani ya kitambaa. Niliweka uso mule, nikawaza kamba yetu ya Ngezi, na mashati yako, ile ya mistari yenye kola imeoza.

Ungali unaivaa?

Mama Masika

*

Bunia, Ngezi, 3 Novemba 1981

Mama Masika,

Salamu za huzuni. Mama yetu Madeleine ametuacha. Mugongo ilikuwa kitu ingine, na alituficha. Tulimuzika Jumatano, mvula ikinyesha, na watu wa mutaa walijaa mpaka barabarani. Mbele ya kunyamaza aliuliza kama ile miti yenu iko na majani sasa. Nilimuambia ndiyo. Sikujua kama ni kweli mu mwezi huu.

Kisha matanga, wajomba walinikalisha. Walitoka Butembo, wote wanne, na Katsuva mukubwa ndiye alisema. "Nyumba haina mwanamuke. Mutoto analelewa na jirani. Bibi yako ameshazoea Ulaya, harudi. Kuna binti ya watu wazuri, Hortense, alimaliza masomo." Walikuwa wamepanga hata siku.

Nikasema: "Mimi niko na bibi."

"Yuko wapi?"

"Iko analinda mutoto yenu."

Katsuva akasema mwanaume hawezi kukaa namna hii. Nikamujibu kama ninakaa, ananiona nimekaa mbele yake. Hawakucheka. Waliondoka bila kula, na sasa najua nikianguka mu shida, mulango ya Butembo imefungwa.

Sikuandiki ili unishukuru. Nakuandikia juu nimechoka, Emérance. Roger alimuuliza jirani, Mama Anastasie, kama mama ni mutu ao ni barua.

Shati ya mistari imekufa. Nilikata kitambaa yake, nasafishia kinga, baisikeli yangu.

Baba Masika

*

Bruxelles, tarehe 9 Januari 1983

Baba Masika, bwana yangu,

Nakusalimia, na nakutakia mwaka muzuri, weye na Roger wetu. Ile nilikuandikia mu mwezi wa kumi na moja, kusema wamefunga tundu, sasa nathibitisha. Munganga mukubwa alimusikiliza jana, akatoa chombo mu masikio, akanipa mimi nisikilize. Inapiga sawa mutu anatembea bila haraka. Akasema: "Madame, muende kwenu."

Ndiyo. Tunarudi. Nimeandika neno hili na nimeacha kalamu kidogo.

Tiketi iko. Mamasere anasema tunaweza kuruka mwanzo wa mwezi wa tatu. Jioni nilimuambia Masika. Nilifikiri ataruka juu ya kitanda. Aliendelea kukata karatasi ya masomo.

"Mwezi wa tatu bado," alisema.

"Bado nini?"

"Miti. Itakuwa ingali mikavu. Tutaondoka kama vile tulikuja."

Nilimukaripia. Nilimuambia baba yake anangoja, mudogo wake anangoja, na miti haina moyo. Akasema sawa. Hakulia, na ungemujua ungejua kama hiyo ni mbaya kuliko kulia.

Na sasa nikuambie sehemu yenye inanipa haya. Niliposikia mwezi wa tatu, hata miye kitu kiliniuma. Nimehesabu baridi za huku kama mufungwa. Lakini ule muti wa mbele ya duka, nimeungojea kila mwaka, na kila mwaka ulikuja. Sikujua kama mutu anaweza kupenda mahali alikaa akilia.

Tiketi inaweza kusogezwa mpaka mwisho wa mwezi wa ine, Pasaka ikipita. Weye ndiye utasema. Mara ile niliamua peke yangu. Hii, ukisema tukuje mwezi wa tatu, nitafunga sanduku na sitarudia neno.

Mama Masika

*

Bunia, Ngezi, 5 Februari 1983

Mama Masika,

Salamu kwako na kwa mutoto wetu. Barua yako ilifika asubui. Nilisoma mpaka pale pa "tunarudi," nikatoka inje, nikamusalimia kila mutu mwenye alipita, na wengine siwajui. Kisha nilirudi kumalizia.

Niliiweka mezani na nikaenda ku soko. Nilitembea na hasira mpaka ku wauza samaki. Nilikuwa nawaza: nimewakatalia wajomba, nimekula chakula ya mikono yangu miaka ine, na sasa niko nangoja foleni nyuma ya muti.

Niliporudi, Roger alikuwa amekaa ku mulango. Nilimusomea yote, juu ni yake pia. Akauliza.

"Miti ya kule inatoa maua ikiwa haina majani?"

"Njo vile mama anasema."

"Mimi ningebaki kuiona," akasema. Akaenda kucheza mupira.

Emérance, mimi sijaona hata kimoja mu vitu vyenye uliniandikia. Mabata, wazee wa jua, mashuka. Niko navyo kwa maneno yako tu. Masika iko navyo kwa macho. Akiondoka mu baridi, atakumbuka lopitalo. Sitaki alete lopitalo mu nyumba hii.

Ngojeni miti. Muangalie vizuri, na kwa macho yangu pia. Kisha mukuje. Huku mvula nayo haijaanza, vumbi iko mpaka mu chai, afazali mufike majani imeota.

Nimepaka chokaa chumba. Roger anasema Masika akitaka nafasi ya kitanda ya ku ukuta, watapigana.

Baba Masika

*

Bruxelles, tarehe 24 Aprili 1983

Baba Masika,

Salamu zetu za mwisho kutoka huku. Tuko wazima wote wawili, sanduku imefungwa, Mamasere Godelive anazunguka nyumba akitafuta kitu chenye hakijapotea.

Muti ulichelewa mwaka huu. Mvula baridi ilinyesha Aprili karibu yote, na nilianza kuogopa. Kisha Jumatano jua lilitoka, na mbele ya juma kwisha ulikuwa umejaa. Leo kisha misa tulienda. Masika alikimbia. Alikimbia kutoka kona mpaka ku duka ya mukate, akageuka, akakimbia tena kwangu, hakuchuchumaa, na watu wenye walikuwa wanapita hawakuona kitu, waliona tu mutoto anakimbia. Nilikaa ku kiti kati ya wazee, nikavua koti, nikafunga macho. Mwenye duka alituletea mukate moto, akasema tusilipe. Tulikula wote polepole.

Tutaruka Jumamosi mpaka Kinshasa, kutoka pale Kisangani, na kutoka Kisangani tutakamata ndege ya Bunia ikipatikana. Usijibu barua hii. Haitatukuta.

Neno moja tu. Masika alikuacha akiwa na miaka tano. Anakupenda, kila jioni anasali jina yako, lakini juzi aliniuliza kwa sauti ndogo kama nitamuonyesha ni nani, tukishuka, juu anaogopa kumusalimia mutu mwingine. Kwa hiyo, kiwanja ya ndege, najua vile moyo yako itakuwa, usikimbie kumushika. Usimame tu na Roger, mahali nitawaona. Mimi nitamuonyesha kwa kidole. Umuache akuje mwenyewe.

Bibi yako, mama ya Masika na ya Roger